Kalimedis wa Mistari Miwili

Jumatatu, 11 Agosti 1986

Wamefika! Meli ilichelewa, kama desturi yake, nami nilikuwa gatini tangu asubuhi, shati jeupe, masharubu yamepakwa mafuta. Iordanis mwanangu amenenepa. Mkewe Evdokia amekonda. Mtoto ni wa ajabu! Paji la uso ni langu, pua ni yangu, na kile kilio cha kumtisha nahodha ni cha babu yangu mtupu.

Ana miezi saba na bado hana jina. Kwetu mtoto haitwi jina mpaka abatizwe. Kabla ya hapo ni "mtoto" tu, hata akiota meno. Ubatizo ni Jumapili hii. Na jina halina mjadala: mjukuu wa kwanza wa kiume hurithi jina la baba wa baba yake. Mimi naitwa Kalimedis. Babu yangu aliitwa Kalimedis. Babu wa babu yangu, Kalimedis. Panda ngazi hiyo juu zaidi, unafika Troya, kwenye merikebu zilizovutwa ufukweni, ambako Kalimedis wa kwanza alizilinda peke yake mpaka jua likazama, mashujaa wenye majina makubwa wote wametimua mbio. Hayo sikuyasoma mahali. Nilisimuliwa na babu.

Basi nikamwuliza Iordanis, kwa utani tu, kama Kalimedis mdogo alitapika melini. Akatazama viatu vyake. Akasema baba, hatutaki ugomvi, jina tumemwachia Melpo. Melpo ndiye mama wa ubatizo: daktari wa meno, rafiki wa Evdokia, anafika kesho kutoka mji wa bandari wa Pirea. Mambo ya zamani! Atakalotamka yeye mbele ya beseni ndilo jina, na hata wazazi hawatalijua kabla.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Anestis! Mwokaji mikate, baba yake Evdokia, mkwe mwenzangu kwa mapenzi ya Mungu na si kwa yangu. Hana mtoto wa kiume. Alikuwa na kapu la mikate ya moto na uso wa mtu aliyesikia kila kitu. Akanipa mkono, akasema, "Haya mkwe, mwenye bahati na ashinde." Anajifanya muungwana. Nitamwonyesha.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Tangu mke wangu Garifalia afariki, hakuna anayeniita jina langu. Ni babu, mzee, kinyozi, we bwana. Zamani, jua likishuka, bibi yangu alisimama barazani akaliita jina hilo mpaka bonde lote likasikia, nasi tukatokea wawili, babu na mimi, kila mmoja akidhani anaitwa yeye. Nataka nilisikie tena likipigiwa kelele uani kabla sijafa. Sitaki kingine. Yaani nataka na Anestis ashindwe, lakini hilo ni la ziada.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango wa kwanza: tumbo. Mtu akishiba kwako, hakunyimi neno.

Nilimchukulia Melpo, kwenye nyumba walikofikia yeye na wazazi wa mtoto, jibini kubwa kuliko zote nilizonazo, ya mbuzi, iliyolala kwenye mafuta tangu mwaka jana. Nilipita nayo katikati ya kijiji nikiwa nimeibeba juu juu ili watu waone. Waliona! Bibi wa kwanza akajipiga ishara ya msalaba. Wa pili vilevile. Nikadhani ni heshima.

Mfungo! Mfungo wa Mama wa Mungu, mpaka tarehe kumi na tano! Hakuna nyama, hakuna jibini, hakuna hata yai. Garifalia ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Sasa nala ninachokikuta. Na huyo Melpo wa mjini, mwenye suruali na sigara, kumbe hufunga kuliko watawa. Na aliyekuwa ameketi naye sebuleni akinywa maji? Padri Grigoris mwenyewe.

Melpo alinishukuru, akaisogeza ile jibini kwa kidole kimoja. Padri akauliza mara ya mwisho nilikuja kanisani lini. Nikasema Pasaka. Akauliza Pasaka ipi.

Hapo ndipo Anestis akaingia, bila hodi, na mkate wa mfungo, ufuta juu, zeituni ndani. Melpo alikula kipande, akaongeza, akaongeza tena. Anestis akaitazama jibini yangu akasema kwa sauti ya upole, "Mkwe, hiyo umeiletea panya?" Evdokia alicheka mpaka akakaa chini. Damu ni damu.

Nimerudi na jibini. Nimekula robo yake kwa hasira. Mungu anisamehe.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimeshinda! Nimeshinda na sikupanga!

Nilikwenda kumwona mtoto (na kumlambisha asali kidogo kidoleni huku nikimnong'oneza "Kalimedi, Kalimedi", maana kwetu mtu akiitwa, ile "s" ya mwisho hudondoka; mpango mdogo wa pembeni). Melpo na Evdokia walikuwa barazani wakimenya maharage. Melpo mwenyewe akaniuliza: babu, hili jina lenu limetoka wapi? Nusura nianguke.

Nikakaa. Nikaanza kueleza habari za jina, lakini ulimi ukanipeleka kwenye kinu cha zeituni, majira ya baridi, nilipokuwa na miaka sita au saba. Punda anazunguka. Jiwe linalia. Harufu ya mafuta mapya imeshika mpaka kwenye nywele. Wanaume wamekaa kwenye magunia, na babu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, anawasimulia vita vya Troya kana kwamba vilipiganwa wiki iliyopita ng'ambo ya kilima. Hakuwaita mashujaa kwa majina yao makubwa. Alikuwa na ya kwake. Yule hodari kuliko wote, aliyejifungia hemani kwa sababu ya msichana huku wenzake wakifa, alikuwa Bwana Kununa. Yule wa farasi wa mbao, aliyepotea baharini miaka kumi, alikuwa Mjanja. Jitu lile mla watu lilikuwa Chongo tu, na kuhusu Chongo babu alikuwa na msimamo wake: jamaa ni mchungaji, karudi kazini kakuta wageni wamo pangoni wanakula jibini yake bila hodi. Sasa mkosaji nani hapo?

Na akifika kwa mke wa Mjanja, aliyefuma mchana na kufumua usiku ili wachumba waendelee kungoja, bibi yangu alidakia kutoka mlangoni, "Mimi ningewafumia sanda zao, kazi ikaisha!" Kila mwaka alidakia palepale. Kila mwaka wanaume walicheka kana kwamba hawajawahi kusikia. Halafu babu alifika kwa yule mbwa mzee aliyemtambua bwana wake, na kinu kizima kikanyamaza, na mwenye punda akamsimamisha punda.

Mungu wangu, nilivyowakumbuka wote! Sikuwa naigiza. Evdokia aliacha maharage. Melpo alikuwa analia waziwazi, akifuta macho kwa aproni.

Nikamalizia na Kalimedis: merikebu, moto, maadui wanakuja kama mafuriko, yeye peke yake na mkuki mmoja. Melpo akauliza, "Alikufaje?" Nikasema, amesimama. Akashusha pumzi ndefu.

Kazi imekwisha! Nimelala mchana kama mfalme.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekufa. Kalimedis amekufa. Tumekufa wote.

Niliingia mkahawani asubuhi nikakuta kimya. Kimya cha watu wanaongoja mtu. Anestis amekaa katikati, miwani puani, mbele yake kitabu cha shule cha Evdokia: utenzi wenyewe wa vita, umeandikwa upya kwa lugha ya siku hizi. Mimi niliacha shule mapema kwenda kushika wembe wa mjomba. Utenzi wote niliupata kinuni. Anestis alisema karibu, mkwe, nimempata shujaa wako. Nikafurahi! Mjinga mimi, nilifurahi! Nikamwambia asome kwa sauti, wote wasikie.

Akasoma. Kalimedis anakimbilia merikebu, paja la ng'ombe begani. Likandros wa Troya anamfikia, anamchoma mkuki takoni, naye anaanguka juu ya nyama yake.

Basi. Mistari miwili. Baada ya hapo wanazungumza habari za farasi.

Walicheka mpaka wa nje wakaingia. Mwenye mkahawa akaniletea kiti, akakipangusa, akauliza kama naweza kukaa au bado panauma. Mwingine akataka kujua lile paja lilikuwa la nani, maana ng'ombe wa babu yake walipotea zamani hizohizo. Nikatoka bila kunywa kahawa. Mimi! Kinyozi kwa miaka arobaini, niliyekuwa na jibu la kila mdomo!

Nilitembea mpaka kinuni. Siku hizi wanaweka mabomba na saruji humo. Nikasimama mlangoni, nikawaza. Babu hakudanganya. Babu aliambiwa na babu yake. Mahali fulani huko nyuma kuna mtu alikaa kwenye gunia, akasikia ile mistari miwili, akashindwa kuivumilia, akamshika Kalimedis mabegani akamgeuza, akamwelekeza kwa maadui. Nampenda mtu huyo, awaye yote. Niliona uchungu nikalia kidogo, nikitazama mifuko ya saruji.

Halafu nikapata akili. Melpo! Lazima nimfikie kabla ya Anestis!

Anestis alikuwa ameshatoka kwake. Kitabu kilikuwa mapajani mwa Melpo. Uso wake una huruma, ile huruma ya daktari anayejiandaa kukung'oa jino. Lakini mimi si mtu wa kukimbia (tofauti na wengine). Nikamwambia, binti, sawa, alichomwa. Lakini jiulize alichomwa na nani! Kumwangusha Kalimedis si kazi ya mtoto. Hebu fikiria huyo Likandros! Nikaanza. Nikampa mabega. Nikampa farasi wawili weupe. Nikampa mama mjane anayemngoja dirishani, na wimbo aliokuwa akiimba akifunga viatu. Nikasema baada ya kumwua Kalimedis alivua kofia yake ya chuma akamfunika uso, kwa heshima, akalia, maana alijua hatampata tena adui kama yule. Nilimjenga Likandros mpaka mimi mwenyewe nikamwogopa.

Melpo alisikiliza mdomo wazi. Aliniomba nirudie mahali pa kofia. Heshima ya Kalimedis imerudi! Sikumbuki kama nimewahi kusema vizuri hivyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu. Mfungo umekwisha, mbuzi wamekoma kulia. Fidla, vumbi, watoto wamejaa mafuta mpaka masikioni. Kila mwaka nasema sitakwenda, kila mwaka nakwenda, nasimama pale pale penye ukuta wa kanisa ambapo Garifalia aliniambia nisimkanyage tukicheza. Alikuwa na viatu vyekundu. Nilimkanyaga.

Anestis sikumwona kwenye ngoma. Nikamtafuta ili nimwone anavyoumia. Nikamkuta nyuma ya tanuri lake amekaa juu ya kuni, mikono magotini. Akasogea nipate nafasi. Akasema bila kunitazama kwamba tanuri atalifunga Krismasi, vijana wanakula mkate wa mashine. Akasema jina lake ni jina la ufufuo na halitafufuka. "Nikifa mimi, Anestis wamekwisha. Hata huyo mtoto akiniita babu, babu ni nani? Kila mtu ni babu."

Sikupenda aliyoyasema. Yalikuwa ya kwangu. Tulikaa. Tulisoma darasa moja, mimi na yeye. Aliwahi kunipa mkate chini ya dawati kwa mwaka mzima wa njaa na hajawahi kunikumbusha. Kwa muda kama wa kuvuta sigara moja nilifikiri nimwachie.

Halafu akasema kwamba kesho anashuka bandarini kwa shughuli ndogo. Shughuli gani? Ndogo tu, mkwe. Na akatabasamu lile tabasamu.

Huruma iliniisha. Nami kesho nina shughuli bandarini.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango mkubwa! Nimeupata alfajiri. Kwenye ubatizo kila mgeni hupewa kifurushi cha lozi za sukari, kimefungwa kwa utepe wenye jina la mtoto. Melpo angeingia kanisani akute sinia limejaa KALIMEDIS, KALIMEDIS, KALIMEDIS. Nani angethubutu kutamka jingine? Angewaaibisha wageni wote!

Nilishuka kwa Zafiris mchapaji kwa punda, ili nisionekane kwenye basi. Nikasukuma mlango. Anestis ameegemea meza, miwani puani, anakagua tepe za buluu: ANESTIS, ANESTIS, ANESTIS.

Tulitazamana. Zafiris akauliza kama ni mapacha.

Hakuna aliyekubali kuondoka. Lakini duka la Zafiris lina meza moja, na lozi hazijifungi zenyewe. Kwa hiyo tulikaa, yeye huku na mimi huku, tukifunga. Vidole vyake ni vinene, tepe zinamteleza. Sikuvumilia, nikamwonyesha fundo la kinyozi. Akanipa mkate wenye zeituni. Baada ya muda akaanza kuimba kwa chini ule wimbo wa shule wa kupandisha bendera, akakwama katikati palepale alipokuwa akikwama tulipokuwa wadogo, nikamalizia. Akasema mwalimu wetu alikuwa na fimbo kama mkuki wa Likandros. Nikacheka, nikajichukia kwa kucheka.

Tulipanda mlima na punda mmoja, magunia mawili. Karibu na kijiji kila mmoja akapita njia yake, tusije tukaonekana tunapatana.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika bila kuvua shati la kanisani.

Joto. Kanisa limejaa. Masinia mawili mlangoni, wageni wanasoma tepe na kunong'ona. Mtoto amepakwa mafuta, anateleza kama samaki mikononi mwa Melpo. Mimi kulia, Anestis kushoto. Padri Grigoris akauliza jina.

Nilisikia nta ya mshumaa ikidondoka. Melpo akanitazama, akamtazama Anestis, akavuta pumzi.

"Likandros!"

Anestis aliangusha mshumaa. Na mimi, ndani ya kanisa, mbele ya watakatifu wote ukutani, nilipiga kelele: "Lakini huyo ndiye aliyenichoma!"

Padri akauliza huyo ni mtakatifu gani. Melpo akasema si mtakatifu, Padri, ni mtu mwema. Padri akapumua kwa pua, akamzamisha mtoto mara tatu, na mambo yakawa yamekwisha.

Nje Melpo alitushika mikono wote wawili. Alisema kila mmoja wetu alimfuata akiwa na jina lake machoni, na yeye hawezi kulizika moja ili kulilea jingine. Halafu usiku wa Alhamisi hakulala, alikuwa anamwona yule kijana na ile kofia. Akanibusu shavuni. "Wewe babu ndiye uliyenipa. Hukumsimulia mtu mwingine kwa mapenzi kama yale."

Evdokia amelipenda jina. Iordanis amelipenda. Wageni wameondoka na lozi za Kalimedis mkono mmoja na za Anestis mkono mwingine, na wa vijiji vya mbali wanauliza hao watoto wengine wawili wako wapi. Mkahawani wananiambia kachomwa tena, pale pale.

Nilikaa barazani kwao mpaka giza. Evdokia alikuwa anamwimbia mtoto ndani, Likandro, Likandro mdogo. Ni jina zuri, na hilo ndilo linaloniuma. Babu alinipa jina moja tu nilibebe, nami nimelibeba vizuri mpaka mlangoni, nikamkabidhi mtu mwingine nafasi kwa maneno yangu mwenyewe. Nimelia, na safari hii hapakuwa na mpango wowote ndani yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka na wazo!

Evdokia alisema jana kwa kicheko kwamba wakipata wa pili watakuja kubatiza hukuhuku. Wa pili! Bila shaka, kwa desturi wa pili ni wa baba wa mama, yaani Anestis. Kwa hiyo wa pili lazima awe msichana, kisha wa tatu wa kiume. Au mapacha! Mapacha ni bora. Bibi mmoja kijiji cha juu anajua chakula cha mapacha, mambo ya lozi na viini vya mayai. Na lozi ninazo gunia zima. Nitampa Evdokia moja moja kwenye kahawa, asijue. Kisha mama wa ubatizo atafutwe mwingine, mtu asiyependa hadithi, ikiwezekana kiziwi. Kisha kitabu cha shule kipotee.

Jioni nzima nimekuwa nikiupanga huu mpango, na ningekuwa nimeumaliza kama si Anestis. Amesimama barabarani chini ya ua wangu tangu jua lianze kushuka, na bao la dadu kwapani. Sijui leo kaingiwa na nini. Haniiti mkwe, haniiti kinyozi. Ameweka mkono mdomoni anaita kama mwendawazimu, "Kalimediii! Ewe Kalimedi! Shuka, Kalimediii!", mpaka mbwa wanabweka na mwangwi unarudi kutoka ng'ambo ya bonde.

Nimefunga dirisha. Mtu hawezi kufikiri kwa kelele hizi.